Umepewa kabila la Wajerumani wa kale kwenye mchezo wa vita? Jifunze kwa Wahehe wa Lugalo

Kwenye michezo ya simu inayohusu vita vya kale kuna jambo linalowakatisha tamaa wachezaji wengi. Unapewa kabila la Wajerumani wa zamani, unakusanya wapiganaji wako wote, unawapeleka uwanjani kupambana na Warumi. Dakika chache tu zinapita, watu wako wanaanza kukimbia. Unarudia, unapigwa tena. Mwisho unasema kabila hili halifai, unahamia upande wa Warumi.

Vijana wa huku mwambao, Kipili, Kirando na vijiji vya jirani, wametuuliza sana kuhusu hili baada ya kipindi chetu cha historia. Jibu letu ni kwamba kabila halina kosa, ila linachezwa kama jeshi la Warumi, na hapo ndipo linapoumia. Mbinu zinazolifaa zipo, na mfano wake mzuri uko hapa hapa Tanzania, Lugalo mkoani Iringa, ambako mwaka 1891 Wahehe waliwapiga Wajerumani wenyewe kwa namna ile ile ambayo mababu wa Wajerumani waliwapiga Warumi.

Katika makala haya tunaeleza vita hivyo viwili, kisha tunatoa mbinu za kutumia kwenye mchezo. Tunamalizia na jambo ambalo wachezaji wengi hawalifikirii: nini cha kufanya baada ya kushinda mara ya kwanza.

Wajerumani gani hao?

Tukisema Wajerumani, wengi wetu huku Rukwa tunakumbuka wakoloni. Tunakumbuka boma lao la Kasanga, ambalo wao waliliita Bismarckburg, au meli ya Liemba iliyotia nanga hapa Kipili miaka mingi, ambayo wao ndio walioileta ziwani ikiitwa Graf von Götzen.

Wajerumani wa kwenye mchezo ni watu wa miaka 2,000 iliyopita. Hawakuwa na nchi moja wala serikali moja. Walikuwa makabila mengi, kila moja na wakuu wake, wakiishi kwenye misitu na mabonde ya kaskazini mwa Ulaya. Warumi waliiita nchi hiyo Germania. Wapiganaji wao wengi hawakuwa na mavazi ya chuma. Walikuwa na mkuki, ngao ya mbao, na ujuzi wa kila njia ya msituni.

Warumi walikuwa kinyume chao. Askari wa Kirumi alilipwa mshahara, alifanya mazoezi, alivaa chuma kifuani na kichwani, na alipigana akiwa amepangwa kwenye safu na wenzake. Jeshi lao liligawanywa katika vikosi vikubwa vilivyoitwa lejioni, kila kimoja kikiwa na askari wapatao 5,000. Kwenye uwanja wa wazi, ilikuwa vigumu sana kwa kabila lolote kuvunja safu hizo.

Watengenezaji wa michezo wameifuata historia hiyo. Mfano ni Rome: Total War, mchezo uliotoka mwaka 2004 kwa kompyuta na baadaye ukaletwa kwenye simu. Humo Wajerumani wana wapiganaji wenye kishindo kikubwa cha kwanza, lakini wakipigwa kwa muda mrefu ari yao inashuka na wanakimbia. Mtu anayewatumia kama Warumi lazima ashindwe.

Msitu wa Teutoburg, mwaka 9

Mwaka 9 baada ya Kristo, gavana wa Kirumi Varus alikuwa anarudi na lejioni tatu, ya 17, ya 18 na ya 19, kuelekea kambi za kukaa majira ya baridi. Pembeni yake alikuwa na kijana aliyemwamini, Arminius, wa kabila la Cherusci. Arminius alikuwa ametumika katika jeshi la Kirumi na kupewa uraia wa Roma. Alijua jinsi Warumi wanavyotembea, wanavyojipanga na wanavyofikiri.

Kwa siri, Arminius alikuwa ameyaunganisha makabila kadhaa. Alimpa Varus habari kwamba kuna uasi mahali fulani, ili msafara upite njia isiyozoeleka, kati ya msitu na kinamasi. Mzee mmoja wa kabila lake, Segestes, alimwonya Varus. Varus hakusikia.

Njia ilikuwa nyembamba. Safu za Kirumi zikashindwa kujipanga, na msafara ukawa mrefu kwa kilomita nyingi, askari wamechanganyika na mizigo, mikokoteni na familia. Mvua ikanyesha, ardhi ikawa matope, ngao zikawa nzito. Ndipo makabila yakashuka kutoka msituni, yakapiga na kurudi, yakapiga na kurudi, kwa siku kadhaa. Lejioni zote tatu zikaangamia. Varus akajiua. Warumi hawakutumia tena namba za lejioni hizo.

Karne nyingi baadaye, Wajerumani walimfanya Arminius shujaa wa taifa. Mwaka 1875 walikamilisha sanamu yake kubwa karibu na mji wa Detmold, ameinua upanga juu. Miaka 16 tu baada ya hapo, afisa wao mmoja aliingia Uhehe akitembea kama Varus.

Lugalo, 17 Agosti 1891

Afisa huyo alikuwa Emil von Zelewski, ambaye Waafrika walimpa jina la Nyundo. Alitumwa kuwatiisha Wahehe wa Chifu Mkwawa. Alikuwa na askari zaidi ya 300, wapagazi wengi, mizinga na bunduki za rashasha. Njiani alichoma vijiji. Aliamini kwamba watu wenye mikuki na ngao hawawezi kumsimamisha.

Asubuhi ya tarehe 17 Agosti 1891 msafara wake ulipita Lugalo, mashariki ya mji wa Iringa wa leo, mahali penye mawe makubwa na vichaka. Watu walitembea kwa mstari mrefu mwembamba. Mizinga ilikuwa imefungwa juu ya punda, kwa hiyo isingeweza kufyatuliwa upesi.

Wahehe wapatao 3,000, wakiongozwa na Mpangile, ndugu yake Mkwawa, walikuwa wamejificha nyuma ya mawe na nyasi, karibu kabisa na njia. Walikaa kimya hadi msafara ulipokuwa mbele yao. Ishara ilipotolewa waliruka na kuwavamia kwa mikuki. Askari wengi hawakupata nafasi ya kupiga risasi zaidi ya moja au mbili. Sehemu kubwa ya mapigano ilikwisha ndani ya dakika kama 15. Zelewski aliuawa pamoja na Wazungu wengine na askari zaidi ya 200. Bunduki zipatazo 300 zilitekwa pamoja na mizinga. Waliokuwa nyuma ya msafara, pamoja na Luteni Tettenborn, ndio waliookoka.

Tuangalie Wahehe walifanya nini hasa. Hawakumsubiri adui kwenye uwanda ambako rashasha ingewafyeka. Hawakurusha mishale wala risasi kutoka mbali, maana kwa mbali yeye ndiye mwenye nguvu. Walimwacha aje mwenyewe mahali ambapo mzinga na mpango wake wa vita havina kazi, kisha wakaufuta umbali uliokuwa kati yao kwa mara moja. Hilo ndilo Arminius alilofanya, na ndilo mchezo unalotaka ufanye.

Mbinu sita za kutumia kwenye mchezo

1. Usipigane uwanda wa wazi kama unaweza kuepuka. Kabla ya vita kuanza, angalia ramani. Tafuta msitu, bonde jembamba, daraja au mteremko. Kwenye Rome: Total War, jeshi lililowekwa msituni kwenye ramani kubwa linaweza kumvizia adui anayepita, na vita vinaanza yeye akiwa kwenye msafara. Ukikosa mahali pazuri, rudi nyuma. Kurudi nyuma siku moja ni nafuu kuliko kupoteza jeshi zima.

2. Usioneshe watu wako wote. Weka wachache mbele waonekane, wengine uwafiche kwenye miti. Adui ataenda kwa wale anaowaona. Wachezaji wengi wanashindwa hapa kwa kukosa subira: wanaamuru wote washambulie mara tu wanapomwona adui wa kwanza. Mpangile aliuacha msafara uingie kwanza.

3. Shikilia mbele, piga ubavuni. Mbele ya askari wa Kirumi kuna ngao na chuma. Ubavuni na mgongoni hana kinga hiyo. Kwenye mchezo tuliotaja, wapiganaji wa mkuki wa Kijerumani wanaweza kujipanga kama ukuta wa mikuki. Waweke hao katikati wamzuie adui asipite, kisha watu wa mashoka na wapanda farasi wazunguke pembeni. Ukuta wa mikuki ukishambuliwa ubavuni unavunjika, kwa hiyo uache ukae imara, usiukimbize huku na huku.

4. Tumia kishindo cha kwanza vizuri. Wapiganaji wako wana nguvu kubwa wanapogonga kwa mara ya kwanza, tena wakitoka mteremkoni kwenda chini. Wakichelewa kwenye mapigano marefu wanachoka. Basi waguse, wavunje, na ikiwezekana uwaondoe wapumzike kabla ya kuwarudisha. Usiwakimbize mbali kabla ya vita, watafika wamechoka.

5. Piga ari kabla ya kupiga watu. Vita vya kale, kwenye historia na kwenye simu, mara nyingi vinaisha upande mmoja unapokimbia, bila kungoja hadi mtu wa mwisho afe. Kiongozi wa adui akiuawa, ari ya jeshi lake inashuka. Adui akijiona amezungukwa, ari inashuka zaidi. Wajerumani wa mchezo huo wana hata kundi la wanawake wapiga mayowe ambao kazi yao ni kumtia adui hofu. Wachezaji wengi huwacheka na kuwaacha. Waweke karibu na mapigano, lakini nyuma ya ukuta wako wa mikuki.

6. Linda kiongozi wako. Mambo tuliyosema kuhusu kiongozi wa adui yanakuhusu na wewe. Usimtumie mkuu wako wa kabila kama askari wa kwanza kuingia. Muweke nyuma ya safu, karibu kiasi cha kuwatia moyo watu, na umtumie mwishoni adui anapoanza kuyumba.

Mchezaji wa bao ataelewa haya haraka. Huwezi kushinda kwa kuzitupa kete zako zote mapema. Unalinda nyumba yako, unamwacha mwenzako afungue, ndipo unakula.

Baada ya ushindi wa kwanza

Hapa ndipo kazi ilipo. Mchezaji aliyeangamiza jeshi moja la Kirumi hujiona sasa na yeye ni mkubwa. Anaacha misitu, anakwenda kuzingira miji yenye kuta, au anajifungia kwenye mji wake mkuu akisubiri. Raundi chache mbele, Warumi wanarudi na majeshi mawili na mitambo ya kurusha mawe, na mchezo unaisha.

Hayo yametokea kwenye historia. Baada ya Teutoburg, Warumi walirudi wakiongozwa na Germanicus. Mwaka 16, Arminius alikubali kupigana nao kwenye uwanda wa Idistaviso, karibu na mto Weser, na akashindwa. Kilichomsaidia ni kwamba Kaisari Tiberius aliona gharama ni kubwa mno, akamwita Germanicus arudi Roma. Warumi walibaki ng'ambo ya mto Rhine. Lakini Arminius mwenyewe hakufaidi amani hiyo. Aliuawa na ndugu zake waliodhani anataka kujifanya mfalme juu yao.

Kwa Mkwawa, hatari ilikuja kupitia ngome. Alikuwa na ngome kubwa ya kuta za mawe pale Kalenga, karibu na Iringa, na baada ya Lugalo aliitegemea. Ukuta ungeweza kuwazuia maadui wenye mikuki. Kwa adui mwenye mizinga, ukuta ulikuwa mahali pa kumkuta Mkwawa amesimama. Mwezi Oktoba 1894 jeshi la Kijerumani la Gavana von Schele, akiwemo Tom von Prince, lilifika na mizinga. Safari hii halikuvamiwa njiani. Liliipiga ngome, na tarehe 30 Oktoba likaingia ndani. Miaka mitatu kabla, msafara kama ule uliangamia kwa sababu ulikutwa njiani.

Mkwawa aliponyoka, na akarudi kwenye namna ya kupigana iliyompa ushindi. Kwa karibu miaka minne aliwasumbua Wajerumani kwa kuvizia na kuhama hama. Ndipo wakatumia silaha nyingine: mgawanyiko. Walishirikiana na Merere wa Usangu, adui wa zamani wa Wahehe. Walimsimika Mpangile, yule yule wa Lugalo, awe mtawala chini yao, kisha muda mfupi baadaye wakamnyonga wakimshuku. Waliweka zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayewaletea Mkwawa. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa mgonjwa na amebaki karibu peke yake, Mkwawa alijipiga risasi ili asikamatwe. Fuvu lake lilipelekwa Ujerumani, likarudishwa Kalenga mwaka 1954, na hadi leo lipo kwenye makumbusho pale.

Kwa hiyo mbinu za baada ya ushindi ni hizi. Endelea kuvizia hata kama sasa una watu wengi. Piga njia zake za chakula na vikosi vidogo vinavyotembea peke yake, uache miji yenye kuta kwa baadaye. Usiweke jeshi lako lote ndani ya mji mmoja. Na kabla ya kumkabili Mrumi tena, tengeneza amani na majirani. Kwenye mchezo, kama kwenye historia, Mrumi hupenda kukukuta unapigana na jirani yako.

Somo lililopita hapa hapa Ufipa

Tuna mfano wa karibu zaidi wa suala hili la mgawanyiko. Mwaka 1835 Zwangendaba aliwavusha Wangoni mto Zambezi, wakitoka kusini mwa Afrika. Walikuwa na mkuki mfupi wa kuchoma, vikosi vya rika, na mpangilio wa kifua katikati na pembe mbili za kuzunguka adui. Ni ile ile mbinu yetu ya tatu: shikilia mbele, piga ubavuni. Katika miaka ya 1840 walifika hapa Ufipa. Uwanda huu, wenye nyasi na ng'ombe, uliwafaa.

Zwangendaba alifia hapa Ufipa, katika miaka hiyo hiyo. Vita havikumshinda. Baada ya kifo chake, wakuu waligombania uongozi, na watu wake wakagawanyika. Wengine walikwenda kaskazini hadi Unyamwezi na pande za Ujiji, wakajulikana kama Watuta. Wengine walielekea mashariki na kufika Songea. Wengine walirudi kusini, na wazao wao wako Malawi na Zambia. Jeshi ambalo halikupata mpinzani wa kulivunja lilivunjwa na swali la nani atarithi.

Mbinu zao hazikupotea. Zilienea kwa majirani, zikafika Usangu na Uhehe. Wapiganaji wa Lugalo walikuwa wamerithi sehemu ya ujuzi uliowahi kupita kwenye uwanda huu.

Kwenye mchezo, maana yake ni hii: andaa mrithi mapema. Michezo mingi ya aina hii inamzeesha kiongozi wako, na siku moja anakufa. Kama umemtumia yeye tu kwenye kila vita, na wanawe wamekaa mjini bila uzoefu, siku hiyo kabila lako linadhoofika hata kama hujapoteza vita hata kimoja.

Kabla ya kupakua

Maneno machache kwa wanaotaka kujaribu. Michezo mikubwa ya aina hii inauzwa, na inachukua nafasi kubwa kwenye simu, kwa hiyo hakikisha simu yako inaweza kuibeba kabla ya kulipa. Ipakue mahali penye intaneti isiyohesabiwa, usimalize bando lako la mwezi kwa siku moja. Uzuri ni kwamba Rome: Total War ikishaingia inachezwa bila mtandao. Jihadhari na nakala za bure zinazopitishwa kwenye memori kadi au kwenye makundi ya WhatsApp, kwani baadhi hubeba programu zinazoiba namba za siri, na simu nyingi hapa kwetu ndizo zenye fedha za familia. Tena, michezo hii inakula chaji. Usicheze hadi simu inazima wakati baba yuko ziwani na anaweza kupiga.

Ukikosa fedha au nafasi, bado unaweza kujifunza. Waulize wazee wa kijijini kwako habari za Wangoni, za watemi wa Ufipa na za vita walivyosimuliwa na babu zao. Waulize walipita njia ipi, walijificha wapi, nani alimsaliti nani. Utakuta majibu yao yanafanana na ramani ya mchezo kuliko unavyodhani.

Na ukirudi kwenye simu, ukipewa tena kabila la Wajerumani wa kale, usihamie kwa Warumi. Tafuta msitu, waweke watu wako, na umwache adui aingie kwanza.